Kinasa Sauti Shingoni mwa Mama Vipande

Mama Vipande hakuwa na mtoto anayeitwa Vipande, wala mtoto mwingine yeyote. Jina hilo alipewa kazini, katika maabara iliyo nyuma ya hospitali kuu, ghorofa ya pili, mlango wa tatu baada ya choo kisichofungika. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akikata ubongo wa watu vipande vyembamba kama ganda la kitunguu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumletea malalamiko.

Bosi wake, Profesa, alikuwa mtu wa suruali fupi na swali moja. Alitaka kujua, katika lile eneo la ubongo linalopokea mguso wa mkono, seli ipi imeungana na ipi. Hospitali ilikuwa ikimpa, kwa idhini ya jamaa wa wagonjwa, vipande ambavyo madaktari wa upasuaji wamelazimika kuvitoa. Kipande kikiwekwa upesi katika maji baridi ya chumvi na sukari, yanayobubujika oksijeni, huishi saa kumi, pengine kumi na mbili, kimetengwa na mwenyewe. Unachoma seli mbili kwa sindano mbili za kioo, nyembamba kuliko unywele. Unaipiga moja kwa umeme kidogo. Unasikiliza kama nyingine itajibu.

Ndivyo walivyosema pale: kupiga.

"Piga ya kwanza."

"Nimepiga."

"Ya pili?"

"Kimya."

Hivyo tangu asubuhi mpaka jioni. Seli nyingi hazijuani hata kama zinapakana, sawa na wapangaji wa nyumba moja.

Katika fani ya kupigwa, Mama Vipande alikuwa na elimu ya kutosha kabla hajaajiriwa. Baba yake alikuwa dereva wa lori, na juu ya kabati aliweka mkanda wa feni uliochakaa, akiutunza kuliko vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Akirudi safari alipiga kwa sababu amechoka. Akikosa safari alipiga kwa sababu hajachoka. Mama yao alifariki mapema, kwa maradhi ya figo kwa mujibu wa cheti, na aliyeandika cheti hakumgeuza kuutazama mgongo. Wakabaki watoto wawili: msichana wa miaka kumi na mitatu na mdogo wake wa kiume wa miaka minne.

Mkanda uliposhuka kutoka kabatini, msichana alimlalia mdogo wake kifudifudi, kama mtu anayezima moto kwa blanketi. Mkanda ukamwishia yeye. Mtoto akivunja kikombe, alisema ni yeye amevunja. Mtoto akikojoa kitandani, alisema ni yeye amemwaga maji. Mwaka huohuo alipigwa kofi moja la upande, na sikio la kushoto likastaafu akiwa bado shule ya msingi.

Miaka mingi baadaye alionyeshwa ramani ya eneo la mguso, akagundua kwamba mgongo mzima wa binadamu umetengewa nafasi ndogo kuliko kidole gumba, wakati midomo ina uwanja wa kuchezea mpira.

"Kumbe mzee alikuwa anapoteza nguvu," alimwambia Profesa. "Angepiga mdomo."

Profesa hakujua acheke au aandike.

Yule mdogo wake alikua, akapanuka mpaka milango ikawa inamlazimu apite ubavu. Mtaani walimwita Konde. Alikuwa baunsa wa baa iliyo jirani na kituo cha mafuta, kazi ambayo masharti yake ni mabega na kutouliza maswali. Mwilini mwake hamkuwa na alama hata moja ya mkanda wa feni. Mafunzo yake aliyapata kwa kutazama.

Sasa, kuhusu kinasa sauti. Anayechoma seli ana mikono miwili kazini na macho kwenye hadubini, hawezi kuandika. Zamani walikuwa wakikumbuka kwanza, wanaandika baadaye, mpaka ilipogundulika kwamba mwezi mzima wa matokeo uliandikwa kwa matumaini zaidi kuliko kumbukumbu. Profesa akapiga marufuku kukumbuka. Tangu hapo kila mmoja alivaa kinasa sauti kidogo shingoni, na kila hatua aliisema kwa mdomo: saa, seli, jibu. Kiliwashwa kipande kinapoingia, kikazimwa kipande kinapokufa. Kabla ya kwenda nyumbani mhusika alikaa na kuyachapa yote daftarini neno kwa neno, bila kuruka kitu, kwa sababu anayeruhusiwa kuruka chafya kesho ataruka tokeo lisilompendeza. Mama Vipande hakuruka. Siku Profesa alipogombana kwa simu na mama mkwe wake kipande kikiwa mezani, aliyachapa matusi yote na dakika zake. Profesa aliusoma ukurasa, akawa mwekundu wa masikio, akatia sahihi.

Jumapili moja saa sita mchana Konde alifika kwa dada yake, mikono imevimba kama iliyotiwa hamira.

"Naomba barafu, dada."

"Umefanya nini?"

"Kreti za soda zimeniangukia."

"Zimekuangukia kwenye vifundo vya vidole tu?"

"Dada, barafu."

Akampa barafu. Katika maisha yake hakuwahi kumnyima kitu.

Jumanne saa nne asubuhi muuguzi wa chumba cha upasuaji, mwanamke mwembamba asiyeweza kunyamaza, alileta kisanduku cha baridi mwenyewe. Karatasi iliyobandikwa juu ilisema kinachoruhusiwa kusemwa: namba mia nne na kumi, mwanamume, miaka thelathini na mmoja, upande wa kushoto, eneo la mguso wa mkono, sababu: kipigo; idhini: mama mzazi. Jina halikuwepo. Maabara haikupaswa kulijua, na ndiyo maana muuguzi alianza kueleza kabla hajakikabidhi kisanduku.

"Huyu ni yule wa baa ya kituo cha mafuta. Jumamosi jioni. Wamemsingizia kaiba simu, wakampiga mpaka fuvu limebonyea kama sufuria. Simu yenyewe imeokotwa chini ya kreti."

Mama Vipande alikuwa anavaa glavu. Alimaliza ya kwanza, akaanza ya pili.

"Nani kampiga?"

"Wamemkamata kinyozi, yule mwenye kibanda pembeni. Tumemshona jana. Polisi wamemsaidia kukumbuka, sasa hana meno matatu ya mbele na bado hajakumbuka." Muuguzi akashusha sauti. "Mama wa mgonjwa yuko pale benchi la wodi tangu Jumapili. Leo daktari katoa damu iliyoganda na nyama iliyokufa, na huu ukingo, anasema, bado mzima. Wahi basi, dada, usikae unaniangalia."

Mama Vipande akawasha kinasa sauti. "Saa nne na dakika tisa. Mia nne na kumi kimeingia."

Akakata. Wembe wa mashine ile hutetemeka huku ukisonga taratibu kuliko konokono, na anayeuharakisha anapata uji. Alipata vipande kumi na viwili, vyote safi. Profesa alivitazama, akasema mikono ya Mama Vipande ingefaa kuwekewa bima, kisha saa nane akaenda kwenye semina ya kuelezea umuhimu wa maabara yake kwa watu waliotaka kuifunga. Akamwachia hadubini. Hilo lilikuwa kinyume cha cheo chake na sawa kabisa na uwezo wake.

Saa tisa alasiri alikuwa peke yake katika chumba kidogo kisicho na dirisha, mbele ya meza nzito inayoelea juu ya hewa ili hata hatua za korido zisiitikise. Spika ilikuwa imefunguliwa. Kila seli iliposhtuka, spika iligonga: tak.

"Saa tisa na dakika nne," alisema. "Piga ya kwanza. Ya pili inajibu. Piga ya pili." Akasubiri. Tak. "Ya kwanza inajibu. Zinajibizana."

Katika sampuli mia nne na tisa zilizotangulia, seli mbili zinazojibizana walizipata mara sita. Mama Vipande hakusogea. Alipumua kwa pua.

Mlango ukafunguliwa. Mlinzi alikuwa anamjua Konde kama mdogo wake Mama Vipande, na baunsa kwa baunsa hawazuiani. Konde akaingia ubavu, akaurudisha mlango.

"Dada."

"Usiguse meza."

"Sijagusa. Polisi watakuja kwako kesho."

"Kwangu kuna nini?"

"Watakuuliza Jumamosi jioni nilikuwa wapi. Waambie nilikuwa kwako. Nimelala kwenye sofa, tumbo linaniuma."

"Ulikuwa wapi?"

"Dada, usianze."

"Nipo kazini, siwezi kuanza wala kumaliza. Ulikuwa wapi?" Alisema hayo bila kuinua jicho kwenye hadubini, sikio zima likiwa upande wa mlango.

"Si unajua nilipokuwa. Nilikuwa baa. Mteja kalia kaibiwa simu, bosi kanionyesha jamaa, nikamtoa. Akawa anabisha."

"Alibisha vipi?"

"Anasema si yeye."

Tak, ilisema spika. Tak.

"Ulimpiga na nini?"

"Mikono. Halafu kulikuwa na mguu wa meza iliyovunjika. Mara mbili. Tatu."

"Kichwani."

"Kichwa ndicho kilikuwa juu, dada, sasa ningefanyaje? Watu nao wakaingilia, kila mtu na kiatu chake. Mimi nilikuwa mmoja tu."

"Na kinyozi?"

Konde alijikuna shingo. "Kinyozi alikuja mbio, akamkalisha yule mtu, akamwekea kichwa mapajani, anatupigia kelele tuache. Ndiyo maana damu ilimjaa yeye. Polisi walipofika, bosi akasema ni huyo. Wote wakasema ni huyo. Mimi nilikuwa nimeshatokea mlango wa nyuma, sasa kinyozi ananitaja."

"Na mliacha? Aliposema muache?"

"Mimi niliacha," alisema Konde, kwa heshima kidogo. "Nilikuwa nimeshachoka."

Spika iliendelea na ule mlio wake mdogo, ambao masikio ya mgeni huudhania saa mbovu.

"Nini hiyo inagongagonga?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Namba mia nne na kumi. Leo asubuhi alikuwa ndani ya kichwa cha mtu aliyepigwa na mguu wa meza. Hapa ndipo anapojulia kwamba mkono wake umeguswa. Nikimpiga huyu, yule anajibu."

Konde alilitazama lile bakuli dogo chini ya hadubini, lisilozidi kizibo cha chupa. Habari ilimpanda polepole, ikapita mabega, ikafika.

"Bado anasikia?"

"Hawa wawili wanasikiana."

"Izime."

"Haizimwi."

"Izime, nakwambia!"

"Kazi yangu haizimwi kwa—"

Akampiga mdomoni. Ilikuwa kwa nyuma ya mkono, na Konde hakuwa na kipimo kidogo: kile alichowapa walevi ndicho alichompa dada yake. Mama Vipande alikwenda na kiti, paji la uso likapiga ukingo wa meza isiyotakiwa kuguswa, na sindano mbili za kioo zikakatika ndani ya seli zilizokuwa zinajibizana. Spika ikapiga yowe, kisha ikabaki kuchemka kama kikaango. Meno ya chini yalikuwa yameutoboa mdomo yakatokea upande wa pili. Damu ilimwagika juu ya koti jeupe, na ubongo wake mwenyewe, kwa mujibu wa ramani, ulilitengea jambo hilo uwanja wote.

Konde aliutazama mkono wake kana kwamba ameuazima. Akataka kumwinua, akaona damu, akaghairi.

"Ona sasa unavyonifanya," alisema. Mlangoni akageuka. "Kesho, dada. Sofa. Tumbo."

Akatoka ubavu.

Mama Vipande alikaa sakafuni kidogo. Kisha mazoea yakamwinua, akakaa kwenye kiti, akasema kwa mdomo ulioanza kuwa mzito:

"Saa tisa na dakika kumi na sita. Sindano zote mbili zimevunjika. Sababu..."

Hapo ndipo alipokiinamia kile kidude shingoni na kuona taa nyekundu inawaka. Ilikuwa inawaka tangu saa nne na dakika tisa. Hakuwa amemtega mtu. Alikuwa amesahau, kama mtu anavyosahau kwamba amevaa hereni.

Kilikuwa na kitufe cha kufuta. Profesa hakuwa na tabia ya kusikiliza, alisoma daftari tu. Mkataji akisema sindano zilivunjika kwa sababu ya mtikisiko wa meza, huo hautakuwa hata uongo. Alikiweka kidole gumba juu ya kitufe, akakiacha pale muda mrefu. Ni kidole chenye eneo kubwa sana. Alikisikia kitufe kizima, hadi mfereji wake.

Damu ikadondokea daftari. Akaona kwanza akashonwe.

Kwenye benchi la wodi ya upasuaji, akisubiri zamu, alikaa karibu na mwanamke mzee aliyeshika mfuko wa plastiki wenye shati la kiume. Shati lilikuwa limekauka likawa gumu kama kadibodi. Yule mama alimtazama mdomo.

"Nani kakufanya hivyo, mwanangu?"

"Mdogo wangu, mama."

"Wa tumbo moja?"

"Wa tumbo moja."

"Umemshtaki?"

"Bado."

"Wangu ameamka," alisema yule mama. "Saa nane wameniruhusu kuingia. Nimemshika mkono wa kulia, nimeukamata kwa mikono yangu miwili hivi, nimeuminya. Ananiangalia, ananiambia, mama, mbona hunishiki?" Aliukunja ule mfuko. "Wanasema wamemkamata aliyempiga. Nimekwenda kumwona kituoni, nimtemee mate. Nikamkuta kinyozi. Mdomo huo, damu tupu. Analia, ananiambia, mama, mimi ndiye niliyempakata. Sasa mimi nimtemee nani?"

Mama Vipande alishonwa nyuzi tano. Akarudi ghorofa ya pili, akawasha kompyuta, akakivua kinasa sauti na kukiweka kando ya sikio zima. Alichapa tangu saa nne na dakika tisa. Alichapa matusi aliyoyatukana wembe ulipokwama. Alichapa "zinajibizana". Alipofika mlango unafunguliwa alisimama, akanywa maji, yakamchoma kwenye nyuzi, akaendelea. Sauti ya kofi aliirudia mara tatu ili aipate dakika sawasawa. Akaandika: *Saa tisa na dakika kumi na tano. Mdogo wake mkataji amempiga mkataji. Sindano zimevunjika. Kipande kimekufa.*

Profesa alirudi kutoka semina kavaa uso wa mtu aliyepongezwa bila kusaidiwa. Aliusoma ukurasa amesimama, kisha akaketi, akausoma tena.

"Huu unaweza usiwepo," alisema taratibu. "Mimi sijauona."

"Ulipiga marufuku kukumbuka, Profesa. Kusahau je?"

Akatia sahihi.

Kesho yake askari wawili walikuja maabara, mmoja mnene na mmoja wa kuandika. Yule mnene akauliza, kwa sauti ya mtu mwenye jibu tayari, kama ni kweli Jumamosi jioni mdogo wake alikuwa kwake amelala na tumbo. Mama Vipande alimtazama. Tangu akiwa na miaka kumi na mitatu alikuwa anaulizwa swali hilo kwa namna mbalimbali, na jibu lake siku zote lilikuwa limelala chini ya ulimi, limeiva. Mdomo ulimuuma kuufungua. Akasukuma karatasi nane mezani, na kinasa sauti juu yake.

Askari wa kuandika akasoma akiwa amekunja uso. "Hii 'ya pili inajibu' maana yake nini?"

"Ruka. Anza saa tisa na dakika tano, mlango unapofunguliwa."

Konde alikamatwa siku hiyohiyo saa saba mchana, na haikuwa kazi nyepesi: askari mmoja alivunjwa pua, mwingine mkono. Kituoni wakamsaidia naye kukumbuka, ingawa alikuwa ameshakumbuka vizuri kwa sauti yake mwenyewe, na msaada huo, mtu angedhani, haukuhitajika. Kinyozi aliachiwa bila neno la samahani na bila meno. Katika jedwali la Profesa, jozi ya saba ya seli zinazojibizana iliingizwa ikiwa na kinyota, na chini yake maneno madogo: *muda, dakika kumi na moja, rekodi ilikatizwa.*

Wiki ya pili Mama Vipande alikwenda gerezani kumwona. Walikutanishwa kwenye waya wenye matundu ya kupita kidole. Konde alikuja akitembea kama mzee, jicho moja limefumba.

"Umenipiga, dada," alisema.

"Nimekupiga."

"Ulikuwa unanilalia. Unakumbuka? Ulikuwa unanilalia, mimi naona miguu ya baba tu."

"Nakumbuka."

"Sasa?"

Mama Vipande alimwangalia namna anavyosimama, bega moja limekwenda mbele, shati halimgusi nyuma.

"Geuka," alisema.

Konde aligeuka, akalivuta shati juu. Walikuwa wametumia waya wa umeme na kitu kingine kipana. Alama zilikuwa zimepishana tangu mabegani mpaka kiunoni, nyingine zimefunga, nyingine bado zinatoa maji. Mgongo mkubwa, wa miaka thelathini na minane, na hizo ndizo zilikuwa za kwanza.

Mama Vipande akapitisha kidole kwenye tundu la waya. Akamgusa pembeni ya ubavu, mahali palipobaki pazima.

"Unasikia hapa?"

"Nasikia."

Akakisogeza kidogo, taratibu kuliko konokono.

"Na hapa?"

"Nasikia, dada. Inauma."

"Vizuri," alisema, kwa sauti ileile aliyotumia kazini kipande kinapojibu, na akakiacha kidole pale mpaka mlinzi alipogonga waya kwa rungu.